Usanifu na Historia ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar: Jengo Kama Ushahidi wa Uhuru Uliochelewa

IKISIRI

Insha hii inachunguza Kanisa Kuu la Kristo lililopo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni jengo la Kianglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa. Simulizi iliyozoeleka huliona kama alama ya kukoma kwa utumwa. Insha inalisoma jengo lenyewe, yaani kiwanja, kuta, paa, nguzo, mnara na altare, na kulilinganisha na tarehe za sheria zilizofuta utumwa Zanzibar hatua kwa hatua. Inabainika kuwa kanisa lilijengwa na kutumika kwa miaka mingi katika mji ambamo kummiliki mtu bado kulikuwa halali. Hoja kuu ni kwamba jengo hili linathibitisha ahadi ya uhuru iliyotangulia utekelezaji wake, na kwamba kulisoma hivyo kunaipa nafasi stahiki kazi ya mikono ya watu waliolijenga.

1.0 Utangulizi

Katika sakafu ya Kanisa Kuu la Kristo, mahali pa altare, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Wageni huelezwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa mbele ya wanunuzi, na kwamba wekundu ule ni ishara ya damu yao. Nyuma ya altare hiyo amezikwa Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi. Kwa hatua chache tu, basi, mgeni hupitishwa kutoka kwenye mateso hadi kwenye ibada, na kutoka kwa mtumwa asiye na jina hadi kwa askofu mwenye kaburi.

Mpangilio huo una nguvu kubwa. Soko lilifungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukaisha: ndivyo hadithi inavyosikika ikisimuliwa kwa ufupi. Hata hivyo, mwanahistoria anayeweka tarehe za ujenzi kando ya tarehe za sheria hukuta pengo ambalo hadithi hiyo hailigusi. Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873. Hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba hadi Aprili 1897. Baina ya tarehe hizo mbili ipo miaka 24, na karibu yote kanisa lilikuwa ama likijengwa ama likitumika.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: jengo lenyewe linasema nini kuhusu miaka hiyo 24? Ili kulijibu, sehemu ya pili inaeleza jinsi misheni ilivyofika Zanzibar, na ya tatu inaangalia kiwanja. Sehemu ya nne inachambua usanifu, ya tano inajadili nafasi ya jengo katika mapokeo ya Kiprotestanti, na ya sita inarudi kwenye suala la uhuru. Sehemu ya saba inatazama namna mahali hapo panavyokumbukwa leo.

2.0 Usuli: Kutoka Magomero hadi Unguja

Kanisa la Mkunazini lilijengwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo katika Afrika Mashariki imezoeleka kwa kifupi chake, UMCA. Chimbuko lake ni hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge Desemba 1857, alipowataka vijana wa vyuo vikuu vya Uingereza waende Afrika ya Kati. Vyuo vya Oxford na Cambridge viliitikia, kisha Durham na Dublin vikajiunga.

Msafara wa kwanza uliongozwa na Askofu Charles Mackenzie, ukaweka makazi Magomero, katika nchi ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1861. Jaribio hilo lilikuwa la huzuni. Wamishenari walijikuta ndani ya vita vya eneo hilo vilivyochochewa na biashara ya watumwa, njaa na magonjwa vikaingia, na Mackenzie mwenyewe akafariki Januari 1862. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliona kwamba bara halingefikika bila kituo imara pwani. Mwaka 1864 aliihamishia misheni Zanzibar, akifuatana na Edward Steere, mwanasheria kwa elimu na kasisi kutoka Lincolnshire.

Uamuzi wa Tozer ulikuwa na maana mbili. Kwanza, misheni iliyoundwa kwa ajili ya bara ilijikuta katika mji mkuu wa biashara ileile iliyokuwa imeivunja Magomero. Pili, iliingia katika mji wa Kiislamu wenye dola, mahakama, wanazuoni na usanifu wake, na ikaishi humo kwa ridhaa ya Sultani. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwa Tozer na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, baadaye aliingia katika huduma ya kanisa. Tangu mwanzo, basi, uhuru wa mtoto aliyelelewa na misheni ulitegemea pia uamuzi wa mtawala ambaye nchi yake iliendelea kuishi kwa kazi ya watumwa.

Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili pamoja na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili alizosimuliwa Unguja. Jambo hili linahusu usanifu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu aliyekuja kusimamia ujenzi wa Mkunazini alikuwa mtu aliyeweza kuzungumza na waashi kwa lugha yao.

3.0 Kiwanja: Nani Alitoa Ardhi?

Mwaka 1873 ulikuwa mwaka wa mabadiliko ya haraka. Mapema mwaka huo serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash bin Said akubali mkataba mpya dhidi ya biashara ya watumwa. Frere aliondoka bila kufanikiwa. Baada ya hapo balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, alimfikishia Sultani tishio la kuzingirwa kwa visiwa na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini. Usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari ulipigwa marufuku, na masoko ya hadhara yakafungwa, likiwemo la Mkunazini.

Kiwanja cha soko hakikupita moja kwa moja kutoka kwa wauza watumwa hadi kwa askofu. Sehemu yake ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur Nugent West. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara tajiri wa Kihindu. Jina hili la pili linastahili kutazamwa kwa makini. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa uti wa mgongo wa fedha za Zanzibar: walikopesha, walidhamini misafara na walisimamia ushuru. Kwamba mmoja wao alitoa ardhi kwa ajili ya kanisa kunaonesha kuwa tukio la 1873 halikuwa jambo la Waingereza na Waarabu peke yao. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kiwanja kilikuwa tayari kimebeba mikono ya Mkristo, Mhindu na Mwislamu.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1873, miezi sita na siku 20 baada ya mkataba. Kasi hiyo inaonesha jinsi misheni ilivyoielewa nafasi yake. Ardhi nyingine ilipatikana mjini na nje ya mji. Misheni ilikuwa na shamba Mbweni na shule Kiungani. Kulichagua soko kulikuwa ni kutoa hoja kwa mawe. Yeyote aliyelijua soko angelazimika kupita hapo na kuona kilichochukua nafasi yake.

4.0 Usanifu

4.1 Kuta na Paa

Michoro ya kanisa ilitokana na msanifu wa London, Charles Forster Hayward. Kwa jumla jengo linafuata umbo la basilika: ukumbi mrefu wa waumini unaoelekea mashariki na kuishia kwenye sehemu ya altare. Madirisha na matao yake yamechanganya mtindo wa Kigothi wa Ulaya na vionjo vya Kiarabu vilivyokuwa vya kawaida mjini. Mchanganyiko huo umeelezwa mara nyingi kama pambo tu. Insha hii inaona kwamba jambo la msingi zaidi limo katika vifaa na katika paa.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Kwa kuwa mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito kwa upana mkubwa, vyumba vya mji huo ni virefu na vyembamba, kwa kawaida vya upana wa mita tatu hivi. Mji mzima, pamoja na majumba ya matajiri, ulikuwa umepimwa kwa urefu wa mti wa mwituni.

Kanisa la kukusanyia mamia ya watu lisingeweza kutii kipimo hicho. Njia iliyochaguliwa ilikuwa paa la tao refu, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa juu ya kuta. Paa hilo lilitengenezwa kwa zege la saruji ya Portland na kokoto za matumbawe yaliyopondwa. Wako waliotabiri kuwa lingeanguka. Halikuanguka, na hadi leo ndilo linalompa mwenye kuingia hisia ya uwazi ambayo majengo mengi ya mji huo hayana.

Je, paa hilo lilikuwa jambo geni kabisa katika pwani hii? Jibu linahitaji tahadhari. Saruji ya Portland ilikuwa bidhaa ya kiwanda iliyoletwa kwa meli. Lakini wazo la kumimina mchanganyiko wa matumbawe katika umbo la tao au kuba lilikuwa na historia ndefu pwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika upanuzi wake wa karne ya 14, uliezekwa kwa kuba na matao ya aina hiyo, karne tano kabla Steere hajafika Unguja. Insha hii haidai kwamba Steere aliiga Kilwa. Inadai tu kwamba fundi wa pwani aliyeambiwa aponde matumbawe na kuyageuza kuwa paa alikuwa akitumia jiwe ambalo mababu zake walilijua, katika namna ambayo pwani yake ilishaijua. Ugeni ulikuwa katika saruji na katika vipimo. Jiwe lilikuwa la nyumbani.

4.2 Nguzo Zilizopinduliwa

Upande wa magharibi wa kanisa kuna nguzo ambazo, kwa simulizi ya miaka mingi, ziliwekwa kichwa chini miguu juu. Inaelezwa kuwa askofu alikuwa hayupo, mafundi wakaendelea na kazi, naye aliporudi akakuta nguzo zimeshasimama. Akaamua ziachwe zilivyo.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa ili kuwachekesha wageni, na kicheko chenyewe huelekezwa kwa mafundi. Hata hivyo, kinaweza kusomwa kwa namna nyingine. Nguzo ya Kigothi ina kichwa na tako kwa sababu msanifu wa Ulaya amefunzwa kuona hivyo. Kwa mwashi ambaye jicho lake lilifunzwa na milango, mihrabu na mabaraza ya pwani, nguzo ni kitu cha kubeba mzigo, na nguzo hizo zinabeba mzigo wake hadi leo bila kulalamika. Aidha, simulizi hiyo husimuliwa bila kutaja jina la fundi hata mmoja. Tuna majina ya askofu, ya msanifu, ya balozi, ya Sultani na ya mtoa kiwanja. Kwa wale walioyainua mawe, sahihi yao ni hizo nguzo. Kile kinachoitwa kosa ndicho mahali pekee katika jengo hili ambapo mkono wa mjenzi unaonekana ukiwa mbali na usimamizi wa askofu.

4.3 Mnara na Saa

Saa iliyopo katika mnara ilitolewa na Sultani Barghash. Simulizi ya mji inaongeza sharti: kwamba mnara usizidi urefu wa kasri lake la Beit al-Ajaib. Simulizi hii nayo inahitaji kupimwa. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, baada ya Steere kufariki. Kama sharti hilo liliwekwa kweli, basi ama liliwekwa kasri likiwa bado katika mawazo ya Sultani, ama lilihusu hatua ya mwisho ya mnara baada ya ukumbi kukamilika.

Hata hivyo, si lazima sharti liwe la kweli ndipo liwe na maana. Zawadi ya saa peke yake inatosha kutufundisha. Mtawala Mwislamu, aliyelazimishwa kwa tishio la manowari kufunga soko, alitoa kifaa cha kupimia wakati kwa kanisa lililojengwa juu ya soko hilohilo. Ilikuwa ishara ya adabu ya kifalme, na wakati huohuo ilikuwa njia ya kusema kwamba hata katika kiwanja hiki bado yeye ndiye mwenyeji. Watu wa mji waliosimulia habari ya sharti la urefu waliuelewa vizuri uhusiano huo: kanisa lingeweza kupiga kengele, lakini si kusimama juu ya kasri.

4.4 Altare na Mapambo

Altare imepambwa kwa nakshi za vijiwe vya rangi zilizotolewa na Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni kuanzia mwaka 1877. Katika madirisha ya kanisa kuna picha za watakatifu wa Afrika, na kumbukumbu ya mabaharia wa Uingereza waliokufa katika doria dhidi ya majahazi ya watumwa. Kuna pia msalaba mdogo wa mti uliotokana na mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Livingstone alifariki huko tarehe 1 Mei 1873, wiki tano kabla ya mkataba wa Barghash, na mwili wake ulibebwa na wafuasi wake, wakiwemo Chuma na Susi, mpaka pwani.

Vitu hivi vinaunda kumbukumbu iliyochaguliwa. Anakumbukwa mpelelezi, baharia, mwalimu na askofu. Mtumwa anakumbukwa kwa duara la sakafuni, lisiloandikwa jina. Msalaba wa Chitambo unasema mengi zaidi ya inavyokusudiwa: unamtaja Livingstone, lakini safari iliyouleta mti huo katika historia ilikuwa safari ya miguu ya Waafrika waliobeba maiti kwa miezi mingi.

5.0 Je, ni Jengo la Kiprotestanti?

Mtafiti anayeliweka kanisa hili katika kundi la majengo ya Kiprotestanti hana budi kujieleza. Kanisa Anglikana lilizaliwa katika matengenezo ya karne ya 16, na kwa maana hiyo ya kihistoria ni la Kiprotestanti. Lakini UMCA ilitoka katika tawi la Kianglikana lililothamini mapokeo ya kale ya Kikatoliki: ubani, mavazi ya ibada, sakramenti na mamlaka ya askofu. Tofauti hii ilizua mgogoro wa wazi mwaka 1913, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipowashutumu maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa kushiriki mkutano wa Kikuyu, uliokusudia kuyaunganisha makanisa ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki ya Kiingereza.

Ndani ya jengo mvutano huo unaonekana. Altare, wala si mimbari, ndiyo kitovu cha macho. Mpangilio mzima unamvuta mtu kuelekea mashariki, kwenye sakramenti. Kwa upande huo Mkunazini iko karibu na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lile la minara miwili, kuliko nyumba za ibada za misheni nyingine za Kiprotestanti.

Lakini masikio yanasikia kitu kingine. Steere alitafsiri Agano Jipya na sala za kanisa katika Kiswahili, na misheni yake ilikuwa na kiwanda cha chapa. Kusisitiza kwamba muumini asikie Neno na kuomba kwa lugha anayoielewa ni urithi wa moja kwa moja wa matengenezo ya karne ya 16. Kwa hiyo jengo hili linaonekana Kikatoliki na linasikika Kiprotestanti. Katika mji ambamo watoto wa Kiyao, Kinyasa, Kimakua na wengineo walikuwa wametupwa pamoja na utumwa, lugha hiyo moja ya ibada ilikuwa pia paa la pili, na chini yake watu wa lugha mbalimbali waliweza kukaa.

6.0 Uhuru Uliochelewa, 1873–1897

Sasa tunaweza kurudi kwenye pengo la miaka 24. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na njia ya bahari. Haukumfanya mtumwa yeyote wa Unguja aamke akiwa huru. Mwaka 1876 Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka 1890, mwaka ambao Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani Ali bin Said alitangaza kuzuia uuzaji wa watumwa wa kila namna. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, mahakama ziliacha kuitambua hali ya utumwa. Hata hapo mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia ilitolewa kwa mmiliki. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909.

Tukiziweka tarehe hizi juu ya historia ya jengo, picha hubadilika. Steere alipofariki Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa bado yakilimwa na watumwa. Kengele ya Mkunazini ilisikika katika nyumba ambamo wapishi, wachukuzi na yaya walikuwa mali ya watu. Mtu aliyeuzwa mahali hapo mwaka 1872 angeweza kupita mbele ya kanisa lililokamilika akiwa bado mtumwa wa mnunuzi wake.

Tukio moja linaonesha ugumu wa hali hiyo. Januari 1890, katika kanisa hili, Cecil Majaliwa alipewa daraja la ukasisi, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo. Majaliwa alikuwa mtumwa aliyekombolewa utotoni. Alisimama mbele ya altare iliyojengwa juu ya soko la watumwa, akapokea mamlaka ya kuihudumia, miaka saba kabla sheria ya nchi haijaacha kuitambua hali aliyokombolewa kutoka kwayo. Ndani ya kuta aliweza kusamehe dhambi kwa jina la Mungu. Nje ya kuta, mwanamume wa umri wake, pengine aliyetekwa katika mwaka uleule, aliweza kudaiwa na bwana wake mbele ya kadhi.

Hapa ndipo maana ya jengo inapopatikana. Kanisa halikujengwa baada ya utumwa kwisha. Lilijengwa ndani yake. Lilitamka jambo ambalo nchi ilikuwa bado haijalitamka. Kulisoma kama mnara wa ushindi ni kuwasahau waliongoja, na pia ni kuwapunguzia sifa waliolijenga, kwa sababu kujenga ishara ya uhuru wakati uhuru haupo ni tendo zito kuliko kuuadhimisha ukishapatikana.

7.0 Mahali pa Kumbukumbu

Leo eneo la kanisa hutembelewa na watu wengi wasiokuja kusali. Jirani lipo jengo lijulikanalo kwa jina la Mtakatifu Monika, ambalo chini yake kuna vyumba vyenye dari ya chini vinavyooneshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya mnada. Jengo hilo lilijengwa na misheni na kutumika kama hospitali, baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo, kuvihusisha vyumba hivyo na soko la kabla ya 1873 ni jambo linalotiliwa shaka, na mwongozaji wa wageni hana budi kulisema. Shaka hiyo haipunguzi ukatili wa biashara yenyewe. Inatukumbusha tu kwamba uchungu wa kweli hauhitaji ushahidi wa kukopa.

Uani kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo chini ya usawa wa ardhi. Ni kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mwaka 2016 ulikamilika ukarabati mkubwa wa kanisa uliofanywa kwa ushirikiano na Mfuko wa Minara ya Dunia, sambamba na kituo cha maonesho kuhusu biashara ya watumwa.

Sanamu hizo zinajibu upungufu uliotajwa katika sehemu ya 4.4. Kwa zaidi ya karne moja mtumwa alikuwa duara lisilo na uso katika sakafu. Sasa ana uso, ingawa bado hana jina. Wala si jambo dogo kwamba sanamu zimewekwa nje ya kanisa. Mtu anayeanza kwa kuziona uani, kisha akaingia kuiona altare, hupokea historia kwa mpangilio ulio karibu zaidi na ukweli: mateso hayakumalizwa na jengo, yalibaki mlangoni pake.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba Kanisa Kuu la Kristo ni zao la mikono mingi kuliko simulizi yake ya kawaida inavyokiri: ardhi ya mfanyabiashara wa Kihindu na ya kasisi wa Kiingereza, saa ya Sultani Mwislamu, michoro ya London, matumbawe ya Unguja na kazi ya waashi. Paa lake lilivuka kipimo cha boriti kwa kutumia jiwe la pwani. Ibada yake iliunganisha sura ya Kikatoliki na sauti ya Kiprotestanti katika Kiswahili. Zaidi ya yote, tarehe zake zinathibitisha kwamba lilisimama kwa miaka mingi katikati ya jamii ya watumwa na mabwana.

Kutokana na matokeo hayo, tafiti za majengo ya kimisheni katika pwani ya Afrika Mashariki zinapaswa kufanya mambo mawili. Kwanza, zisome tarehe ya jengo sambamba na hali ya kisheria ya watu walioishi kando yake, kwa sababu jengo linaweza kutangaza jambo ambalo sheria bado inalikana. Pili, zitafute alama za mafundi katika mawe yenyewe, hasa pale ambapo kazi imekwenda kinyume na mchoro. Nguzo za Mkunazini ziliachwa zilivyo, na kwa kuachwa hivyo zimekuwa hati. Waliozisimamisha walibeba uzito wa nyumba iliyotangaza uhuru, wakati mji uliowazunguka ulikuwa bado haujautoa.